Barua za kadi za mkopo: Zijibiwe au zichanwe?



Katika maswali yanayoifikia kamati ya msikiti wetu kuhusu ndugu wanaoishi Marekani, limo moja ambalo limezidi kujirudia, na mara nyingi haliulizwi na mwenyewe bali na mzazi wake aliyeko huku nyumbani. Kijana amehamia Columbus au Minneapolis, amepata kazi katika ghala la mizigo, amefungua akaunti ya benki, na baada ya muda sanduku lake la barua likaanza kujaa bahasha zenye jina lake kamili. Ndani yake anaambiwa kwamba amekwisha kuidhinishwa kupewa kadi ya mkopo, kwamba mwaka wa kwanza hatatozwa kitu, na kwamba linalobaki ni kutia saini tu. Wazazi nao huuliza: hii ni riziki iliyobisha hodi, au ni mlango wa riba?

Kwanza ifahamike kwamba barua hiyo si heshima aliyofanyiwa mpokeaji. Marekani kuna taasisi tatu kubwa zinazotunza kumbukumbu za madeni ya watu, nazo ni Equifax, Experian na TransUnion. Benki huziomba majina ya watu wenye sifa fulani, na sheria inaruhusu majina hayo yatolewe kwa masharti. Jina la kijana wetu limo katika orodha hiyo pamoja na maelfu ya wengine. Hata neno "umeidhinishwa" lisichukuliwe kama lilivyo, kwa kuwa akijibu, benki itamchunguza upya na inaweza kumkatalia ikiwa hali yake haiafiki tena vigezo vilivyowekwa. Kupokea barua hakumdhuru katika kumbukumbu zake. Kuomba kadi ndiko kunakoandikwa.

Mambo haya yana historia. Mwezi Septemba 1958 Bank of America ilituma kadi zenyewe, si barua, kwa watu wapatao 60,000 katika mji wa Fresno, jimbo la California, bila ya yeyote kuziomba. Watu walifungua bahasha wakakuta deni lililo tayari kutumika. Wengi walishindwa kulipa, na kadi nyingine zikaangukia mikononi mwa wezi. Hata hivyo benki nyingine zikaiga, hadi mwaka 1970 sheria ilipopiga marufuku kumpelekea mtu kadi ambayo hakuiomba. Tangu hapo kinachotumwa ni barua ya kumshawishi aombe mwenyewe.

Basi tuisome barua yenyewe. Wazee wengi huletewa picha ya ukurasa wa mbele tu, na ukurasa wa mbele ni wa sifa. Sheria ya Marekani inailazimu benki kuweka viwango na tozo katika jedwali maalumu, na jedwali hilo aghalabu huwa nyuma au katika karatasi ya pili. Huko ndiko mkataba uliko. Hapo utakuta kiwango cha riba kwa mwaka, na maelezo kwamba kinaweza kupanda kadiri kiwango cha msingi cha mabenki kinavyopanda. Utakuta tozo ya kuchelewa, ada ya mwaka kama ipo, na kiwango cha pekee kwa anayechukua fedha taslimu kwa kadi, ambacho mara nyingi huwa kikubwa zaidi. Utakuta pia kwamba ile sifuri ya ukurasa wa mbele ina tarehe ya kufikia kikomo. Kadi za baadhi ya maduka zina mtego zaidi: mtu hununua fenicha kwa ahadi ya miezi 12 bila riba, na muda ukimalizika akiwa bado anadaiwa japo dola chache, riba huhesabiwa tangu siku ya ununuzi.

Tutoe mfano wa hesabu, maana riba haionekani kwa macho mpaka ipigiwe hesabu. Tuchukulie mtu ana deni la dola 2,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, yaani asilimia 2 kwa mwezi, na benki inamtaka alipe angalau riba ya mwezi pamoja na asilimia 1 ya deni. Mwezi wa kwanza atalipa dola 60. Kati ya hizo, 40 ni riba na 20 ndizo zilizopunguza deni. Akiendelea hivyo mwaka mzima, asinunue tena kitu chochote kwa kadi ile, atakuwa ametoa takriban dola 680, na deni litakuwa limepungua kwa dola 227 tu. Huyu hajachelewa hata siku moja. Benki inamhesabu kuwa mteja mwema, na kwa kweli ni mwema kwao.

Anayelipa deni lote la mwezi kabla ya tarehe iliyowekwa kwa kawaida hatozwi riba kwa manunuzi yake. Hii ndiyo hoja ya kila kijana anayejitetea: "Mimi nitalipa kwa wakati, sitaingia katika riba." Hapa ndipo wanachuoni walipoitazama saini yenyewe kabla ya kuyatazama malipo.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 12 kilichofanyika Riyadh mwezi Septemba 2000, lilipitisha azimio namba 108 kuhusu kadi zisizo na fedha za mteja nyuma yake. Baraza lilisema haijuzu kuzitoa wala kuzitumia ikiwa mkataba una sharti la kuongeza riba, hata kama mwombaji amenuia kulipa ndani ya muhula usio na riba. Kadi isiyo na sharti hilo iliruhusiwa, na ikaruhusiwa pia ada inayolingana na huduma halisi. Ama kuchukua taslimu kwa kadi, Baraza lililihesabu kuwa ni mkopo, na ziada inayopanda kwa kadiri ya fedha zilizochukuliwa ni riba.

Wapo wanachuoni wengine, wakiwemo wanaoishi na Waislamu wa nchi za Magharibi, walioruhusu kwa dharura au kwa haja, kwa sharti kwamba mwenye kadi awe na uhakika wa kulipa kila mwezi kwa ukamilifu. Baadhi yao hutegemea kisa cha Barira, ambapo Bibi Aisha (R.A.) alitaka kumnunua na kumwacha huru, wenyewe wakashurutisha haki ambayo sheria haikuwapa, na Mtume (S.A.W.) akauacha ununuzi uendelee na kulibatilisha sharti. Wanaokataa hujibu kwamba pale sharti lilifutwa hadharani na mwenye mamlaka ya kulifuta, ilhali sharti la benki lina mahakama nyuma yake, na siku kijana akilazwa hospitali wiki tatu hakuna atakayelifuta.

Sisi katika kamati si mamufti, na kila mmoja ana sheikh wake wa kumrejea. Lakini tunapoulizwa, tunaelemea upande wa azimio la Riyadh. Aya za mwishoni mwa Suratul Baqara, kuanzia ya 275, ni nzito mno, na Hadithi aliyoipokea Jabir (R.A.) katika Sahih Muslim haikumtaja mla riba peke yake, bali pia anayeitoa, anayeiandika na mashahidi wawili. Mtu anayetia saini kwamba atatoa riba siku akichelewa amejiweka karibu sana na orodha hiyo. Deni lenyewe si haramu. Mtume (S.A.W.) alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri ya watu wa nyumba yake. Tunachokihofia ni ziada juu ya deni.

Hata hivyo tungekuwa hatuna insafu tukinyamazia ugumu wa wenzetu. Nchini Marekani asiye na kumbukumbu ya kukopa na kulipa hutazamwa kama mtu asiyejulikana. Mwenye nyumba humwomba rekodi hiyo kabla ya kumpangisha, na hata kampuni ya simu huweza kumdai amana kwanza. Ndiyo maana watu wema, wenye kuswali swala tano, hujikuta na kadi mfukoni. Kwa hawa, ushauri wetu ni kwamba wajaribu njia nyingine kwanza. Kadi ya kawaida ya benki, inayokata fedha zilizomo katika akaunti, inatosha kwa takriban manunuzi yote. Wako wenye nyumba wanaokubali hati za mshahara na barua ya mwajiri, na zipo huduma zinazopeleka taarifa za kodi ya nyumba kwenye taasisi za kumbukumbu. Njia hizi ni za polepole. Aliyefuata fatwa ya kuruhusu naye asiifuate nusu: aiagize benki ikate deni lote moja kwa moja kila mwezi, na asinunue kitu ambacho fedha yake haimo tayari katika akaunti.

Sasa tuwageukie wasomaji walioko huku, maana jambo hili si la kijana peke yake. Tumeona kwamba kadi nyingi hazianzi kuzama kwa anasa. Huzama kwa ujumbe wa simu unaotoka Tanga, Mombasa au Zanzibar. Mama anaumwa, bati limevuja, ada ya shule, mahari ya mdogo wake, nguo za Idi. Kijana hataki kusema hana. Mshahara haujaingia, lakini kadi ipo, basi anachukua taslimu na kutuma. Hapo amelipa tozo ya kuchukua, riba inaanza kuhesabiwa siku ile ile bila muhula wowote, na benki nyingi huihesabu hata fedha iliyotumwa kwa kadi kupitia kampuni ya kutuma fedha kuwa ni taslimu. Huku sisi tunasema Alhamdulillah, mtoto ametukumbuka, na mbuzi wa akika anachinjwa kwa fedha ambayo yeye ataendelea kuilipia riba hadi mtoto aliyechinjiwa ameanza kutembea. Akika ni sunna kwa mwenye uwezo. Mzazi anaweza kuuliza kabla ya kupokea: "Mwanangu, hii ni ya mshahara au ya kadi?" Swali hilo halimvunjii heshima mzazi, na mara nyingi humwondolea kijana mzigo ambao ameona haya kuutaja.

Baina ya mume na mke nako kuna lililo zito. Sanduku la barua ni la nyumba nzima, lakini barua hufunguliwa na mmoja. Tumepata kusuluhisha ugomvi ambao chanzo chake kilikuwa kadi ya siri, mke akagundua kwa barua ya wadai, na kilichomuuma kilikuwa uongo kuliko fedha. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu kutokana na deni, na alipoulizwa sababu akabainisha kwamba mwenye deni husema akadanganya, na huahidi akakhalifu. Ama watoto walioko vyuoni, sheria ya mwaka 2009 inazuia aliye chini ya miaka 21 kupewa kadi bila kuthibitisha uwezo wake wa kulipa au kuwa na mdhamini. Mzazi akiombwa saini ya udhamini, ajue kwamba deni hilo limekuwa lake pia.

Na mauti hayangoji taarifa ya mwezi. Tunapomsalia maiti, msemaji wa familia husimama akauliza nani anamdai marehemu, na watu hujitokeza au husamehe. Benki haisimami katika safu zile. Tunajua kwamba Mtume (S.A.W.) alijizuia kumsalia mtu aliyekuwa na deni la dinari mbili hadi Abu Qatada (R.A.) alipolichukua juu yake, na kwamba deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Kwa hiyo aliye na kadi aiandike katika wasia wake: benki gani, kiasi gani. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote, inahusu kuandika madeni.

Aliyekwisha kuingia asikate tamaa. Aiweke kadi kando asiitumie tena, alipe zaidi ya kiwango cha chini kila mwezi, na aanze na ile yenye riba kubwa. Katika taarifa ya mwezi benki inalazimika kumwonyesha itachukua muda gani kumaliza deni kwa kulipa kiwango cha chini tu. Aisome pamoja na mkewe. Na aliyeelemewa kabisa azungumze na msikiti wake wa huko, kwa kuwa wenye madeni wametajwa miongoni mwa wanaostahiki zaka katika Suratut Tawba, aya ya 60, na wanachuoni wameeleza hali yao kwa urefu.

Ama asiyezitaka barua hizi kabisa, anaweza kuzifunga. Kila barua ya aina hii sharti iwe na tangazo linaloeleza haki hiyo. Hupigwa simu 1-888-567-8688 au hujazwa fomu katika tovuti ya optoutprescreen.com, na jina huondolewa katika orodha kwa miaka 5. Anayetaka liondolewe moja kwa moja hutia saini fomu na kuituma kwa posta. Huduma hii haina malipo. Bahasha zilizokwisha kufika zisitupwe nzima, kwa kuwa zina jina na anuani, na mwizi anaweza kuomba kadi kwa jina la mwenyewe. Zichanwe vipande vidogo, ile karatasi ya kutia saini ikiwa ya kwanza.