Vituo Vipo, Betri Hazilingani

Naendesha bodaboda ya umeme hapa Nairobi, na abiria hawaachi kuniuliza: ikizima njiani? Mjini sina wasiwasi. Naingia kituoni, natoa betri iliyoisha, naweka iliyojaa, naondoka kwa dakika chache. Shida ni kwamba kila kampuni ina betri yake na mfumo wake. Napita kituo cha wengine, betri zimejaa rafuni, na hakuna hata moja ya kunifaa, ilhali petroli ya kituo chochote huingia tangi lolote. Serikali izilazimishe kampuni zitumie betri za aina moja. Hilo naliamini kabisa.

Umeme wenyewe upo. Mvuke wa ardhini wa Olkaria huuzalisha usiku kucha, nchi ikiwa imelala. Tangu 2023 kuna bei maalumu ya kuchaji, nafuu zaidi usiku, lakini anayechajia nyumbani kwa mita ya kawaida haipati.

Na mteja akitaka nimpeleke ndani kabisa Ukambani, namwitia mwenzangu wa petroli. Huko sina pa kubadilishia betri, na safari hizo ndizo zinazolipa karo ya watoto.