Gari na Mwenye Gari (6): Mkono wa gia unaocheza

Juzi wajukuu zangu walinizunguka kibarazani, simu moja vichwa vinne, wakitazama magari ya Safari Rally yakitimua vumbi Naivasha. Mmoja akauliza, "Babu, mbona dereva anavutavuta kile kijiti kama anayepiga pampu ya maji?" Nikamwambia hiyo ndiyo gia. Magari ya daraja la juu ya mashindano hayo sasa yana gia tano zinazokwenda kwa mfuatano, na dereva huziingiza kwa mkono wa chuma uliosimama karibu na usukani, si kwa vidude vya kubonyeza kama ilivyokuwa miaka michache nyuma. Moyo ulinichangamka. Miaka yote hii imepita na Safari bado inataka kiganja cha mtu kwenye mkono wa gia.

Leo nilikuwa nimeahidi kumjibu msomaji wa Morogoro ambaye, baada ya makala ya nne kuhusu klachi, aliuliza kwa nini mkono wa gia wa gari lake la zamani unacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Nitamjibu. Ila atanivumilia kidogo, kwa sababu gari lake ni Volkswagen ya mgongo wa kobe, na mimi siwezi kulizungumzia gari hilo nikairuka Safari.

Mashindano yalianza Mei 1953 kwa jina la Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Chanzo chake ni ubishi wa watu wawili. Eric Cecil alimshawishi jamaa yake, Neil Vincent, aende kushindana kwenye uwanja wa mbio wa Langa Langa. Vincent akakataa: haoni utamu wa kuuzunguka mti uleule kutwa nzima. Anachotaka yeye ni kuingia garini, abamize mlango, aende mbali barani kisha arudi, na atakayetangulia kufika ndiye bingwa. Wakalishika neno lake.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni kwamba magari hayakugawanywa kwa ukubwa wa injini. Yaligawanywa kwa bei yake dukani! Gari la mtu wa kawaida lilishindana na la mtu wa kawaida mwenzake. Mwaka huo wa kwanza hakutangazwa mshindi mmoja wa jumla, lakini waliopata pointi chache za adhabu kuliko wote walikuwa Alan Dix na mwenzake Larsen, ndani ya Volkswagen. Gari lenyewe lilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1,131 na nguvu za farasi 25, yaani kama bajaji mbili na ushee. Mwaka 1954 Volkswagen ikashinda tena ikiendeshwa na Vic Preston na D. P. Marwaha. Mwaka 1957 ikawa zamu ya Gus Hofmann na Arthur Burton, na mwaka 1962 Tommy Fjastad na Bernhard Schmider wakafunga hesabu hiyo.

Sasa angalia walichokuwa nacho mkononi. Ile bangili ya kusawazisha mwendo wa meno kabla hayajaumana, tuliyoichambua katika makala ya pili, gari la Dix lilikuwa nayo kwenye namba mbili, tatu na nne tu. Namba moja iliipata mwaka 1960. Kwa hiyo mtu aliyetaka kurudi namba moja gari likiwa linatembea, kwenye tope la masika, alikanyaga klachi mara mbili huku akisikiliza injini kama mpiga ngoma anayesubiri mahali pa kuingia. Akikosea, meno yanalia. Hawa walikuwa madereva wa sikio. Sisi wa leo tunaendesha mkono mmoja usukanini na mwingine umelala juu ya gia kama bwana harusi kwenye kochi, na uzito huo mdogo, siku baada ya siku, husukuma vyuma vya ndani ya giaboksi vigusane mahali ambapo havikupaswa kugusana. Kisha tunasema magari ya zamani ni mabovu.

Mimi mwenyewe nilikuwa na Volkswagen 1300 ya bluu, nikifundisha Tanga. Siku moja napanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, karibu na Soni, kwenye kona ambayo namba tatu haitoshi na namba moja imezidi, nikaitafuta namba mbili nisiione. Mkono ulikwenda kushoto, ukarudi nyuma, ukazunguka kama mwiko kwenye sufuria ya uji. Gari likasimama, likaanza kurudi. Niliyekuwa nimempa lifti aliruka akaweka jiwe nyuma ya tairi kabla hata sijavuta breki ya mkono. Fundi wa kwanza aliyeliona alitikisa mkono wa gia mara mbili tu akatoa hukumu: "Mwalimu, giaboksi imekwenda." Bei aliyonitajia ilikaribia nusu ya thamani ya gari.

Sikuwa na fedha hizo, na ndiyo bahati yangu. Nikateremka nalo asubuhi, taratibu, hadi Tanga kwa mzee mmoja aliyekuwa na gereji chini ya mwembe. Huyu hakuigusa giaboksi. Alifungua bolti mbili kwa spana namba 13, akang'oa mkono wa gia, akaniomba nimmulikie tochi, akaingiza kidole kwenye handaki la sakafu. Kilitoka na grisi nyeusi na vipande vya plastiki vilivyokauka kama ganda la yai. Akavipanga juu ya gazeti. "Hii ndiyo giaboksi yako iliyokwenda, Mwalimu."

Msomaji wangu, hapo ndipo ugonjwa ulipo mara nyingi. Mkono wako uko mbele, giaboksi iko nyuma, na kati yao inapita fimbo ndefu ya chuma ndani ya handaki. Fimbo hiyo hushikwa na bushi ya nailoni, kipete kinachoenea kidole gumba. Bushi ikimomonyoka, fimbo inaning'inia na kila unapoisukuma nguvu inapotea njiani. Kabla hujafungua chochote, zungushia chaki kitako cha mkono wa gia, kwa kuwa matundu ya bolti ni marefu na kitako husogea. Chini yake utakuta springi na kibati chenye ukingo ulioinuka upande mmoja. Angalia kimeelekea wapi, maana ndicho kinachozuia rivasi isiingie bila kubonyeza mkono chini. Kikigeuzwa, au kikiwa kimelika, utaitafuta namba mbili upate rivasi.

Kisha nyanyua kiti cha nyuma, fungua kifuniko kidogo juu ya handaki. Humo mna kiungo cha fimbo na giaboksi, na raba zake nazo huchakaa, zitazame. Skrubu yake ya kichwa cha pembe nne imefungwa kwa waya isilegee. Waya huo urudishe. Ukiachanisha kiungo, sogeza fimbo mpaka ichomoke kwenye kishikio chake, vika bushi mpya, paka grisi, rudisha. Jaribu gia zote nne na rivasi injini ikiwa imezimwa, rekebisha kitako, ndipo uwashe. Usikubali mtu akufungie kipande cha tyubu kwa waya badala ya bushi, kwani grisi huvimbisha mpira huo na baada ya muda mfupi utarudi palepale.

Wenye Corolla za zamani zinazosukumwa na matairi ya nyuma watazame kikombe cha plastiki kwenye unyayo wa mkono wa gia. Kama gari lako linavutwa na matairi ya mbele, kagua ncha za nyaya au viungo vya vyuma vinavyokwenda kwenye giaboksi. Na gia ikiendelea kuchomoka yenyewe ukiwa mwendoni baada ya yote haya, hapo kweli giaboksi ifunguliwe.

Ukienda Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta bushi hiyo, nenda na ile iliyovunjika mfukoni, na nunua mbili.