Je, Wajua? Klasi ya Java haina wazazi wawili

Katika Java, lugha ya programu iliyotolewa 1995, klasi, yaani kiolezo cha kuundia vitu, hurithi klasi mzazi mmoja tu.

• Mbuni wake, James Gosling, alipata udaktari Carnegie Mellon, Marekani, mwaka 1983.

• Lugha ya C++ huruhusu wazazi wengi. Wazazi wawili wakichangia babu mmoja, kiundaji cha babu, yaani msimbo wa kuandaa kitu kipya, hufanya kazi mara mbili. Kitu kimoja, mababu wawili!

• Katika C++, babu akitangazwa wa pamoja, mjukuu mwenyewe huita kiundaji cha babu. Miito ya wazazi hupuuzwa.

• Lugha ya Python, tangu toleo 2.3 la 2003, hupanga ukoo wote foleni moja. Babu kamwe hawatangulii wanawe.