Mtori ni wa Mzazi

Kwenye nyumba nyingi za Kiboriloni, Moshi, mtoto akizaliwa, sufuria ya mtori haikosi jikoni: ndizi mbichi na nyama ya ng'ombe, zimechemshwa zikapondwa kwa mwiko mpaka zikalainika. Wachaga wamelenga palepale, kwa kuwa anayelishwa ni mzazi. Shida huja na kijiko kingine, cha maji au uji mwepesi, anachopewa mtoto wa mwezi mmoja eti ana kiu. Kiu ipi, ilhali karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji? Na katika kinachobaki, ukiacha laktosi na mafuta, kinachofuata kwa wingi ni sukari za aina zaidi ya 100 ambazo tumbo la mtoto haliwezi kuzisaga. Zina walaji wao: bakteria wa jamii ya bifidobakteria, ambao Henri Tissier aliwakuta kwenye kinyesi cha watoto wanaonyonya, Paris, mwaka 1899. Wakizila hutoa asidi inayowabana vijidudu vya kuhara, na huusaidia mwili wa mtoto kujifunza adui ni yupi. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano ambayo wengine bado huyakamua na kuyamwaga, imejaa kingamwili zinazolinda utumbo.

Watasema maziwa hayatoshi. Wapo kina mama ambao kweli hayawatoshi, na hao wanastahili mizani ya kliniki, si masimango. Lakini titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Mtoto aliyeshibishwa uji hunyonya kidogo, na maziwa hupungua kweli. Kuhusu VVU, utafiti wa Durban uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa watoto waliochanganyiwa vyakula waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya maziwa ya mama peke yake. Leo mama anayemeza dawa zake kila siku hushauriwa anyonyeshe tu, miezi 6 bila kuchanganya.

Pingamizi linalonisumbua ni la sokoni. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, kisha hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Muuza ndizi wa soko la Kiboriloni hana mwajiri wa kumdai saa hizo, na mkungu ukiiva haungoji. Anachoweza ni kukamua alfajiri kwenye kikombe safi chenye mfuniko. Maziwa hayo hukaa saa 4 hivi mahali penye ubaridi, na bibi akamnywesha mtoto kwa kikombe hichohicho. Baada ya hapo itabidi mtu amlete mtoto sokoni, au mama afunge genge arudi nyumbani.