Kanda Tupu: Skrubu Kwanza, Jina Baadaye

Anayetaka kurekodi masimulizi ya nyanya yake kule Kajiado, au kwaya ya kanisa lake hapa Kitengela, huniuliza jina: TDK, Maxell, Sony au BASF? Mimi humuuliza ana redio gani.

Kaseti, tangu Philips walipoitoa mwaka 1963, ina utepe wenye upana wa milimita 3.81, unaopita kwenye kichwa cha redio kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Hapo padogo ndipo sauti yote inapokaa. Utepe ukienda mshazari hata kidogo, sauti kali za juu hupotea kwanza, kisha maneno hayasikiki vizuri. Kinachounyoosha ni kasha, kwa hiyo mimi huligeuza kasha kabla ya kusoma maandishi. Nataka lenye skrubu tano, si lililogandishwa kiwandani. Vumbi la malori ya mchanga linaingia kila mahali huku kwetu, na siku redio itakapoumeza utepe, kasha la skrubu litafunguka na kufungika tena.

Kisha chungulia mdomo wa kaseti. Katikati pana kipande kidogo cha sponji juu ya kibati kinachonesa. Hicho ndicho kinachoukandamiza utepe kwenye kichwa. Gundi yake hukauka kwa joto na miaka, sponji ikadondoka, na mwenye kanda akailaumu redio.

Sasa aina. Aina ya I ni oksidi ya chuma, ya II ni kromu au mchanganyiko unaofanya kazi kama kromu, ya IV ni chuma chenyewe. Watu hudhani kanda ghali zaidi itatoa sauti bora zaidi. Lakini redio kaseti za bei nafuu zimetengenezewa aina ya I pekee, na nyingi hufuta kwa kisumaku cha kawaida. Ukizitilia aina ya IV, sauti ya zamani haifutiki sawasawa na mpya hutoka nyembamba, yenye mikwaruzo. Huo mvumo unaousikia nyuma ya sauti, kwa redio hizo, unatokana zaidi na mashine. Mwenye deki iliyo na swichi ya kromu ndiye atakayefaidi aina ya II, hasa kwa muziki.

Lebo ikiwa imebanduka, tazama mgongo wa kaseti: aina ya II ina vishimo viwili zaidi kando ya vile vya kuzuia kufuta, na ya IV huongeza vingine viwili katikati.

Urefu? C60, bila mjadala. Utepe wa C90 una unene wa mikroni 12 hivi, unavumilika. Wa C120 ni mikroni 9 tu. Huvutika, hujikunja, na redio kuukuu huupenda kama mbuzi apendavyo majani mabichi.

Kanda za mahubiri za mitumba zinaweza kurekodiwa upya ukiziba vishimo vya kuzuia kufuta kwa selotepu, ila nyingi hukatwa kwa urefu wa mahubiri yenyewe, kwa hiyo pima dakika kwanza. Mpya bado zinatengenezwa, Ufaransa na Marekani miongoni mwa nchi nyingine.

Ukimaliza kumrekodi nyanya, vunja kibanzi cha kushoto mgongoni mwa kaseti ili asifutwe, mgongo ukiwa juu na upande uliorekodi ukikutazama. Cha kulia ni cha upande wa pili.