Ghala la sukari ya ubongo ni ini

Je, umewahi kumwona mtu kwenye steji ya matatu mjini Kitale akipepesuka, jasho linamtiririka, maneno hayatoki sawasawa, na watu wanamcheka kwamba amelewa chakari? Huenda hajaonja pombe. Huenda ni ubongo wake uliokosa sukari.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa ametulia hula karibu asilimia 20 ya nguvu zake. Kwa siku hutumia gramu 120 hivi za glukosi, na hauna akiba ya kutajika.

Akiba iko wapi basi? Ugali wa jana usiku uligeuka glukosi. Homoni ya insulini, itokayo kwenye kongosho, iliiingiza kwenye misuli, na ini nalo likaweka fungu lake. Misuli huweza kuweka gramu 400 hivi, ini 100 tu. Lakini misuli ni michoyo! Haina kimeng'enya cha kuirudisha glukosi kwenye damu. Ni kama mkulima wa Trans Nzoia aliyejaza magunia stoo na hauzi hata gorogoro moja. Ini ndilo bohari la Halmashauri ya Nafaka: hupokea wakati wa mavuno, hufungua wakati wa njaa. Ukilala, ndilo linaloulisha ubongo. Moyo haugombani nao sana, maana hupendelea mafuta.

Sasa mfikirie mgonjwa wa kisukari aliyejidunga insulini alfajiri, akapanda matatu ya Bungoma bila kula, gari likaharibika Kamukuywa. Insulini haijui gari limekwama. Inazidi kusukuma glukosi kwenye misuli na kuliamuru ini lifunge bohari. Akiwa amekunywa pombe ni hatari zaidi, kwani ini likishughulikia pombe hupunguza kutengeneza glukosi mpya. Ni kweli kwamba ubongo huweza kula ketoni, ambazo ini huzitengeneza kutokana na mafuta, lakini hayo huja baada ya siku kadhaa za njaa, na insulini nyingi huyazuia.

Kwa hivyo msomaji, kabla ya kucheka, muulize kama ana kisukari. Akiweza kumeza, mpe soda yenye sukari au maji uliyokorogea sukari, kisha chakula. Akizirai, usimmiminie chochote mdomoni, atapaliwa. Mlaze kwa ubavu, mkimbize hospitalini.