Punguza Unene kwa Chakula cha Nyumbani



Mwaka 1973 wananchi wengi wa Tanzania walijifunza katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walichimba vyoo, walichemsha maji ya kunywa na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Mwaka 1975 ilifuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Siku hizo shida kubwa iliyozungumzwa ilikuwa upungufu wa chakula bora. Shida hiyo bado ipo. Lakini leo vijijini kwetu imeongezeka shida nyingine, nayo ni unene uliopita kiasi. Mara nyingine shida hizi mbili hukaa katika nyumba moja. Mtoto amekonda, na mama au baba ana uzito uliozidi.

Watu wengi husema kwamba unene ni neema, na kitambi ni dalili ya mafanikio. Wengine huogopa kupungua, wakidhani majirani watasema wanaumwa. Tuyaache maneno hayo, tuangalie ukweli. Unene uliozidi huongeza hatari ya ugonjwa wa kisukari, shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, ugonjwa wa moyo na kiharusi. Pia huumiza magoti na kiuno. Mtu akipata kiharusi, anaweza kupooza mkono na mguu. Jembe lake litashikwa na nani? Ada na sare za watoto zitatoka wapi? Kwa hiyo jambo hili si la urembo. Ni la uhai na kazi.

UNENE HUTOKA WAPI?

Mwili ni kama ghala. Chakula huupa mwili nguvu ya kufanya kazi. Nguvu isiyotumika haitupwi. Mwili huiweka akiba, na akiba hiyo ni mafuta. Ukiweka akiba kila siku bila kuitumia, ghala hujaa na wewe hunenepa.

Tuchukue mfano wa mtu aliyekuwa akilima kutwa. Sasa amefungua duka, na kutwa anakaa kwenye kiti. Akienda sokoni hupanda bodaboda. Lakini sahani yake ni ileile ya siku za jembe. Tena ameongeza chapati na soda. Mtu huyu lazima atanenepa.

Vyakula vinavyonenepesha upesi ni vyenye mafuta mengi na sukari nyingi. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya unga. Robo lita ya mafuta ya kupikia ina nguvu inayokaribia chakula cha mtu mzima mmoja cha siku nzima. Basi ukimimina mafuta katika sufuria bila kupima, fikiri unamimina nini.

Sasa tufanye hesabu ya sukari. Mtu hunywa vikombe 4 vya chai kwa siku. Kila kikombe hutia vijiko 3 vidogo.

4 × 3 = vijiko 12 kwa siku.
12 × 30 = vijiko 360 kwa mwezi.

Kijiko kidogo kilichosawazishwa huchukua gramu 4 hivi. Kwa hiyo 360 × 4 = gramu 1,440. Hiyo ni karibu kilo moja na nusu ya sukari kwa mwezi, kwa mtu mmoja, katika chai peke yake. Piga hesabu ya fedha pia.

JIPIME KWA KAMBA

Huna mizani? Tumia kamba isiyovutika.

1. Vua viatu, simama wima. Mwenzako akupime kwa kamba kutoka kisigino hadi utosini. Kata kamba hapo.
2. Kunja kamba hiyo mara mbili zilingane. Sasa una nusu ya urefu wako.
3. Pumua nje, usivute tumbo ndani. Zungusha kamba hiyo iliyokunjwa tumboni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga.

Ncha zikikutana, ni vizuri. Zisipokutana, tumbo lako limezidi na ni lazima uchukue hatua. Kipimo hiki ni cha watu wazima. Mama mjamzito asikitumie.

NANI ASIPUNGUZE CHAKULA?

Makala hii si ya kila mtu. Mkulima mwembamba anayelima kutwa ale ashibe. Watoto wasinyimwe chakula. Mama mjamzito na mama anayenyonyesha wasijikondeshe. Mtu anayetumia dawa za kisukari aende kwanza kwa mganga wa zahanati. Akipunguza chakula huku dawa ni zilezile, sukari katika damu inaweza kushuka mno, akaanguka.

Na mtu anayekonda mwenyewe bila kujaribu asifurahi. Aende zahanati akapimwe. Huenda ana kifua kikuu, kisukari au ugonjwa mwingine.

SAHANI YAKO IGAWE HIVI

Nusu ya sahani iwe mboga za majani na mboga nyingine, kama bamia, bilinganya au kabichi. Robo iwe maharage, kunde, choroko, dagaa, samaki, au nyama isiyo na mafuta. Robo iliyobaki iwe ugali, wali, viazi au ndizi. Ugali uwe kiasi cha ngumi yako. Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe, kwa sababu pumba na kiini havikutupwa. Dona hushibisha, na huwasaidia wanaopata choo kigumu.

Kama mnakula katika sinia moja, anayepunguza unene apakuliwe kwenye sahani yake. Katika sinia ni vigumu kujua umekula kiasi gani. Kufanya hivyo si kujitenga. Kaa na wenzako, zungumza nao, kula polepole.

MAPISHI MATATU

Mapishi haya ni ya watu watano. Jamaa wote wanaweza kuyala. Anayepunguza unene hahitaji chungu cha peke yake.

Maharage ya nyanya

Vitu: maharage makavu vikombe 2, nyanya 3, kitunguu kikubwa 1, karoti 2, mafuta kijiko 1 cha chakula, chumvi nusu kijiko cha chai.

Chagua maharage, yaoshe na kuyaloweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo. Weka maji mapya, uyachemshe mpaka yaive kabisa. Maharage yasiyoiva huumiza tumbo. Katika sufuria nyingine kaanga kitunguu kwa kile kijiko kimoja cha mafuta. Weka nyanya, funika mpaka zilainike. Tia karoti, kisha maharage na maji yake kidogo. Weka chumvi. Acha yachemke kwa dakika 10.

Mchicha wa karanga

Vitu: mafungu 4 ya mchicha, karanga zilizosagwa vijiko 3 vya chakula, nyanya 2, kitunguu 1, chumvi kidogo.

Osha mchicha kabla ya kuukata. Ukiukata kwanza, vitamini nyingine huondoka na maji. Chemsha nyanya na kitunguu kwa nusu kikombe cha maji. Koroga karanga kwa maji kidogo, mimina humo. Zikichemka vizuri, weka mchicha, funika kwa dakika chache tu. Usiweke mafuta, kwa maana karanga zina mafuta yake. Usitie magadi. Magadi huharibu vitamini. Tupa karanga zenye ukungu au zilizosinyaa. Zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuoshwa wala kwa kupikwa.

Kama huna mchicha, tumia matembele, majani ya maboga au majani ya kunde.

Dagaa wa ndimu

Vitu: dagaa wakavu vikombe 2, nyanya 4, kitunguu 1, bilinganya 2, ndimu 1.

Loweka dagaa katika maji ya vuguvugu. Waoshe mara mbili au tatu mchanga utoke. Weka sufuriani pamoja na nyanya, kitunguu na bilinganya zilizokatwa. Tia kikombe 1 cha maji, funika, pika mpaka mboga zilainike. Ukiepua, kamulia ndimu. Onja kwanza. Kama dagaa walikaushwa kwa chumvi, usiongeze chumvi. Ndimu inatosha kuleta ladha. Chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima, katika vyakula vyote, isizidi kijiko kimoja cha chai.

MAMBO YA KUFUATA KILA SIKU

Pima mafuta kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa. Punguza sukari ya chai pole pole: wiki hii vijiko 2, wiki ijayo 1, mpaka ulimi uzoee. Kiu ikatwe kwa maji safi, si kwa soda. Pombe pia ina nguvu nyingi na huongeza unene. Maandazi, chapati na vitumbua viwe vya siku chache. Ukitaka kitafunwa, kula ndizi mbivu moja, chungwa, au kipande cha papai. Kula tunda lenyewe. Juisi huingia upesi, haikushibishi.

Usiache kula kutwa nzima. Ukifanya hivyo, jioni utakula mara mbili. Usinunue dawa za kupunguza unene zinazouzwa minadani na mitaani. Nyingine ni za kuharisha tu. Maji yanatoka mwilini, mafuta yanabaki, na figo zinaweza kuumia.

Tembeza mwili. Kwa anayekaa kutwa, kutembea kwa haraka dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni mwanzo mzuri. Kwenda shambani kwa miguu au kuchota maji ni mazoezi pia.

USITAKE HARAKA

Unene haukuja kwa siku moja, wala hautaondoka kwa siku moja. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha. Mtu mwenye kilo 90 akipunguza kilo 5 tu, huenda presha na sukari yake zikaanza kuwa nafuu. Lakini asiache dawa zake mpaka mganga amwambie.

Itunze ile kamba yako. Kila mwezi ifunge fundo pale tumbo lako linapofikia. Mafundo yakisogea, utajua unaendelea vizuri. Yasiposogea, angalia tena kijiko cha mafuta na kijiko cha sukari.

Baba wa nyumba naye asimwachie mama kazi hii peke yake. Mama akipika kwa kijiko kimoja cha mafuta, baba asinune mezani wala asiende kula chipsi gengeni. Mkikubaliana nyumba nzima, mtashinda.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja magonjwa matatu yanayoweza kuletwa na unene uliozidi.
2. Nyumbani kwako mnatumia mafuta kiasi gani kwa wiki? Pimeni, kisha mgawe kwa idadi ya watu.
3. Kwa nini mama anayenyonyesha asijikondeshe?
4. Ni mboga gani za kijijini kwenu zinazoweza kupikwa bila mafuta? Mfundishe mwenzako pishi moja.